Gari limezima Sandton, Durban bado kilomita 570: tulivyoiokoa safari ya familia

Kila ikifika Juni, joto la Maskati na Abu Dhabi likishapanda mpaka nyuzi 45, familia zetu huanza kuulizana: mwaka huu tunakwenda wapi? Wapo wanaokwenda Unguja na Mombasa kuwaona wazee, wapo wanaokwenda Salala kufuata mvua za kharifu. Siku hizi wako pia wanaokwenda Afrika Kusini. Julai kule ni baridi, chakula cha halali si tabu kukipata, na barabara ni nzuri kiasi cha kumfanya mtu atamani kukodi gari aendeshe mwenyewe.

Makala haya ni ya hao wanaotaka kuendesha wenyewe. Yanahusu jambo ambalo hakuna anayelipanga: gari kukuzimikia njiani, bibi yumo ndani, watoto wamo ndani, na huko mbele kuna mtu anakungojeni.

Sisi tulikuwa sita. Mimi na mke wangu, watoto watatu wa miaka 14, 10 na 5, na mama yangu mzazi ambaye ana miaka 76. Tulitoka Maskati Julai ya mwaka jana, tukashuka Johannesburg usiku, tukalala hoteli moja Sandton. Mpango ulikuwa mwepesi: Alhamisi asubuhi tuondoke na gari la kukodi la viti saba, tushuke barabara ya N3, jioni tuwe Durban. Ni kama kilomita 570, kazi ya saa sita au saba ukipumzika njiani.

Durban kuna mama mdogo, mdogo wake mama wa mwisho. Walikuwa hawajaonana miaka 12. Alikuwa amepata kiharusi mwezi Mei na ndiyo kwanza ametoka hospitali. Binti yake alitwambia kwenye simu, bila ya kuficha, kwamba mgonjwa ana siku nzuri na siku mbaya, na kwamba maneno yanampotea. Tulikuwa na siku nne tu za kukaa naye. Mama alikuwa amebeba halua ya Maskati kwenye mkoba wa mkononi, na hakutaka kuiweka kwenye buti.

Sindano ilipopanda

Tulitoka hotelini saa moja asubuhi. Nje kulikuwa na baridi ya kukata masikio, nyuzi nne au tano, na watoto wakipumua moshi na kuchekana. Tukafuata Rivonia Road, tukaingia Grayston Drive kuelekea barabara kuu ya M1. Foleni ilikuwa ndefu. Tukasimama kwenye taa, ambazo watu wa kule wanaziita roboti, na hapo ndipo nilipoona sindano ya joto imepita katikati na inaendelea kupanda. Dakika moja baadaye ukaanza kutoka moshi mweupe pembeni mwa boneti, na harufu tamu ile ya maji ya rejeta.

Nikawasha hazadi. Nikafungulia hita mpaka mwisho na feni kwa nguvu zote, maana hita huvuta moto wa injini na kuuleta ndani. Ni hila ya zamani ya madereva, haitengenezi gari, lakini inaweza kukupa mita mia mbili tatu za kutoka kwenye hatari. Ndivyo tulivyofika kituo cha mafuta kilichokuwa mbele kidogo. Nikazima injini, nikawaambia wote washuke waingie dukani kwenye joto.

Mwanangu mkubwa alitaka tufungue kifuniko cha rejeta tuongeze maji. Nikamzuia. Maji yaliyomo ndani yamebanwa kwa shinikizo na yana joto kupita lile la birika linalochemka. Ukifungua yanakurukia usoni. Tena Johannesburg iko juu, kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na huko birika huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, siyo 100 kama kwetu Maskati. Aliposikia hivyo akatoa simu kuhakikisha, na kwa nusu saa nzima alikuwa na shughuli. Nikajifunza hapo hapo: mtoto mkubwa mpe kazi ya kufikiri, asikae akanuna.

Kiswahili mbele ya kituo cha mafuta

Mlinzi wa kituo alikuwa kijana mrefu mwenye koti la manjano. Alitusikia tukizungumza, akasogea.

"Baba, munatoka wapi? Gari imekufa?"

Alikuwa mtu wa Bukavu, Kongo. Mama, aliyekuwa ameshaanza kusoma dua zake, akafungua macho. "Sisi watu wa Maskati, mwanangu, lakini kwetu asili Unguja."

"Karibu, mama. Mukae hapa, musiogope."

Akaleta kiti cha plastiki kutoka ndani, akakifuta kwa mkono. Na akanipa maneno ambayo pengine yalituokolea pesa nyingi. Alisema, sasa hivi yatakuja magari ya kuvuta, na hakuna aliyeyaita. Wataweka fomu mbele yako, watakwambia saini tu. Usisaini.

Kweli, hazikupita dakika kumi, wakafika wawili. Mmoja alishaanza kushusha mnyororo. Hili ni jambo linalojulikana sana Johannesburg: wako wavutaji wazuri na wa halali, na wako wanaozunguka kutafuta ajali na magari mabovu, wakishalipeleka gari uwanjani kwao, kulitoa ni gharama ya kukufanya ulie. Nikawaambia kwa upole kwamba gari si langu, ni la kampuni, na kampuni inatuma mtu wake. Wakaondoka.

Sitaitaja kampuni iliyotukodishia. Walipokea simu, na adabu walikuwa nayo. Lakini jibu lao lilikuwa: gari jengine la viti saba halipo leo mpaka labda saa nane mchana. Nusu saa baadaye "labda saa nane" ikawa "jioni, Mungu akipenda", kwa Kiingereza chao. Gari letu wangelivuta wao. Dereva wao alipokuja akachungulia chini, akasema pampu ya maji imekwisha, inavuja, maji hayazunguki.

Safari hii ni ya nini?

Hapa ndipo penye kiini cha habari. Gari likizima, akili yote ya baba wa familia inakwenda kwenye gari. Unapiga simu, unabishana, unadai haki yako, unatizama saa. Mimi nilikuwa kwenye simu ya nne nikidai gari langu, na sauti imeshapanda, mke wangu alipokuja akasimama mbele yangu.

"Baba watoto, sisi tumekuja kuendesha gari au tumekuja kumuona mama mdogo?"

Nikakata simu.

Tukakaa sote kwenye meza ndogo ya duka, na chai. Hesabu ilikuwa hivi. Tukingoja gari sote sita, Alhamisi imekwenda, na siku nne zimekuwa tatu. Lakini aliyetakiwa Durban leo hakuwa mimi, wala hawakuwa watoto. Alikuwa mtu mmoja, na yeye hahitaji gari la viti saba. Anahitaji kiti kimoja cha ndege, na mtu wa kumshika mkono.

Na Sandton, kwa bahati, ni pahala pazuri pa kukwama. Chini ya ardhi pale kuna stesheni ya Gautrain, treni ya mwendo wa kilomita 160 kwa saa iliyofunguliwa tarehe 8 Juni 2010, siku tatu tu kabla ya mpira wa kwanza wa Kombe la Dunia. Kutoka Sandton mpaka uwanja wa ndege wa O.R. Tambo ni kama robo saa. Kutoka O.R. Tambo mpaka Durban, ndege ni saa moja na dakika chache, na ziko nyingi kila siku.

Mama hakutaka. "Nitakungojeni. Tumetoka pamoja, tutafika pamoja." Kwa wazee wetu hilo si jambo dogo; mtu hatengani na watu wake katika nchi ya ugeni. Mke wangu akachutama mbele ya kiti chake, akamwambia, "Bibi, twende mimi na wewe. Hawa wanaume waachie gari lao na watoto. Wewe una halua ya kufikisha."

Halua ndiyo iliyomshinda. Akacheka, akasimama.

Tiketi za siku hiyo hiyo zilikuwa ghali kuliko tulivyopenda, nisiwafiche. Tukafuta usiku mmoja wa hoteli ya ufukweni tuliyokuwa tumeiweka, tukapunguza na mambo mengine mawili matatu. Saa nne asubuhi nilikuwa nao stesheni. Lifti zipo, mzee hapandi ngazi hata moja. Mlango wa treni ulipofunga, mwanangu mdogo alilia kidogo, kisha akauliza kama na sisi tutapanda.

Siku ya bure, na watoto watatu

Nikabaki na watoto, mabegi yamerudi hotelini, na siku nzima mbele. Ningeweza kukaa nayo kwenye mapokezi ya hoteli nikitizama simu. Badala yake nikamwambia kila mtoto achague kitu kimoja cha kwenda kwa miguu.

Mdogo alichagua sanamu. Kwenye uwanja wa Nelson Mandela Square, ulioungana na jengo la maduka la Sandton City, imesimama sanamu ya shaba ya Mzee Mandela yenye urefu wa mita sita. Ilizinduliwa Machi 2004, ukaribu wa miaka kumi ya uhuru wao, na hapo ndipo uwanja ulipobadilishwa jina. Kijana wangu wa miaka mitano alifika chini ya goti la Mzee, akakamata kiatu chake akakataa kukiachia. Watu wazima wakipanga foleni kupiga picha, yeye akiwaamkia mmoja mmoja.

Binti wa miaka 10 alichagua maktaba. Pale pale uwanjani, katikati ya mikahawa ya bei kubwa, iko maktaba ya umma ya Sandton. Tulikaa humo saa nzima bila ya kutoa hata randi moja.

Mkubwa alitaka kujua kwa nini majengo ni marefu hivi wakati alisikia mji wenyewe ni wa katikati ya Johannesburg. Basi tukatembea, nikamweleza ninayoyajua: Sandton ilikuwa mashamba na nyumba za matajiri wenye farasi, ikafanywa mji mwaka 1969, na jina lake limeunganishwa kutoka Sandown na Bryanston. Soko la hisa la Johannesburg lilihamia hapa mwaka 2000, na mabenki yakafuata. Agosti 2023 viongozi wa BRICS walikutana hapa hapa, na ndipo Imarati na Saudia zilipoalikwa kujiunga. Akasema, "Kumbe jina nalijua kwenye habari."

Lakini lililomkaa zaidi halikutoka kwangu. Mchana tulirudi kituo cha mafuta kumshukuru yule kijana wa Bukavu. Tulimkuta anabadilisha zamu. Akatwambia anakaa Alexandra, ng'ambo ya M1, na kila siku anakuja kazini kwa miguu. Alexandra ilianzishwa mwaka 1912, na ni mtaa wa kwanza kabisa aliokaa Mandela muda mrefu alipofika Johannesburg akiwa kijana, mwanzoni mwa miaka ya 1940, chumba bila ya umeme. Leo kutoka majengo yale ya vioo mpaka vibanda vya Alexandra ni mwendo wa chini ya saa moja kwa miguu. Mwanangu alimtizama, akatizama viatu vyake, akauliza, "Mvua ikinyesha je?" Kijana akacheka. "Mvua ikinyesha, nalowa."

Tungekuwa kwenye N3 kwa kasi ya 120 muda ule, hilo tusingelisikia.

Chakula cha mchana tulikula pahala penye alama ya SANHA, moja ya mamlaka za halali za Afrika Kusini. Zoea kuitafuta alama hiyo mlangoni. Tukarudi hotelini tukasali. Watoto walishangaa kibla. Maskati tunaelekea magharibi. Johannesburg ni kaskazini, unageuka kidogo upande wa mashariki.

Saa tisa simu ikalia kwa picha. Mama na mdogo wake, wamekaa kitandani, mikono imeshikana, sahani ya halua katikati. Mke wangu akaandika chini yake: "Amemwita kwa jina la utotoni. Hawanyamazi."

Gari limefika, hatukuondoka

Gari jengine lilikuja saa kumi na moja kasoro jioni. Mkubwa akataka tuondoke hapo hapo tuwafuate. Nikakataa, na nataka kueleza sababu.

Julai jua la Johannesburg linazama mapema, saa kumi na moja na nusu hivi. Tungeendesha giza totoro kwa saa sita, katikati ya malori, katika nchi tusiyoijua, na kwa upande wa barabara tusiouzoea. Oman tunaendesha kulia, kule ni kushoto. Na N3 inapita mlima wa Van Reenen, kati ya Free State na KwaZulu-Natal. Septemba 2024 theluji iliangukia hapo, magari yakakwama, watu wakalala barabarani ndani ya baridi. Aliyetakiwa afike alishafika. Sisi wengine hatukuwa na haraka yoyote.

Tukaondoka Ijumaa baada ya Alfajiri. Tukapumzika Harrismith, tukashuka mlima mchana mweupe watoto wakitizama mabonde, na Alasiri tulikuwa Durban.

Jumamosi usiku mama mdogo alizidiwa, akarudishwa hospitali. Muda uliobaki tulimuona kwa zamu, alikuwa akilala sana na kusema kidogo. Mama alikaa naye vivyo hivyo, kimya. Jioni ile ya Alhamisi ndiyo jioni pekee waliyozungumza mpaka wakachoka: Malindi ya Unguja, mama yao, nani alikuwa akiiba maembe ya nani. Lile gari la viti saba lingetukosesha jioni ile.

Kwa familia itakayofuata

Nimeulizwa na jamaa wengi nifanyeje likinikuta mimi. Haya ndiyo ninayowaambia.

Watu kwanza, gari baadaye. Likionyesha dalili, tafuta kituo cha mafuta; kule wanaita gereji, usidhani ni pahala pa fundi. Kuna mwanga, kuna watu, kuna choo. Kama umekwama kando ya barabara kuu, washa hazadi, weka pembetatu nyekundu si chini ya mita 45 nyuma ya gari, na familia isimame mbali na magari, nyuma ya ukingo wa chuma kama upo.

Nambari ziwe zimeandikwa kabla ya safari, tena kwenye karatasi. Polisi ni 10111, na kwa simu ya mkononi 112. Nambari ya msaada wa njiani ya kampuni ya gari iulizie siku ya kuchukua ufunguo. Uliza pia: gari likiharibika, ni nani anayelivuta, na jengine linakuja baada ya saa ngapi? Waandikiwe kwenye mkataba.

Usisaini karatasi ya mvutaji usiyemwita. Kama ni lazima gari livutwe, andika jina la kampuni, nambari ya gari lake, pahala linapopelekwa na bei, na upige picha kabla halijanyanyuliwa.

Dawa za mzee na maziwa ya mtoto zisikae kwenye buti. Sisi mkoba wa dawa za mama ulikuwa miguuni kwake, ndiyo maana alipoondoka hapakuwa na kupekua mabegi. Weka na nguo nzito, maji, na kitu cha kutafuna.

Jua njia ya pili ya kufika. Kabla ya kulala, tizama kama kuna treni, basi au ndege ya kwenda huko huko, na bei yake. Hutaihitaji mara tisa kati ya kumi. Ile ya kumi utakuwa na dakika tano tu za kuamua.

Na kabla hujatia ufunguo, kaeni pamoja mseme kwa sauti safari hii ni ya nini. Kama ni ya kumuona mtu, basi gari ni chombo tu, na chombo kikivunjika kinabadilishwa. Kama ni ya kutembea na watoto, basi hata kituo cha mafuta ni pahala pa kutembea. Mkishalijua hilo, uamuzi mgumu unakuwa mwepesi, na hakuna atakayelaumiwa.